Mgeni njoo, mwenyeji apone: hospitali zetu na vyuo vya udaktari

Ukilazwa katika hospitali kubwa ya serikali, kuna saa ya asubuhi ambayo hutaisahau. Chai imeshapita, wasafishaji wamemaliza kupiga deki, na jamaa waliokuja na chupa za uji wametolewa nje. Mara linaingia kundi la watu kumi, pengine kumi na tano, wote wamevaa makoti meupe. Mbele yuko mmoja mwenye mvi, ndiye anayezungumza. Nyuma yake ni vijana walioshika vijitabu, wengine hata ndevu hazijaota. Wanasimama kitandani kwako, wanazungumza Kiingereza, mmoja anakuminya tumbo, wengine wanaandika, kisha wanahamia kitanda cha pili.

Hapo ndipo mzee wa kitanda cha pili anapouliza: "Hawa ni madaktari ama wanafunzi? Wamekuja kututibu ama wamekuja kujifunza kwetu?"

Swali la mzee ni la haki, na jibu lake la kweli ni kwamba wamekuja kwa yote mawili. Lakini mara nyingi mzee hapewi jibu hilo. Anaachwa na dhana yake, na dhana ikikaa sana hugeuka uvumi. Makala haya yanajaribu kueleza mpango huu wa hospitali za umma kushirikiana na vyuo vya afya: unavyofanya kazi, faida yake, hatari yake, na jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunafaa kulidai kabla mkataba mwingine haujatiwa sahihi.

Kwa nini chuo kinahitaji hospitali

Udaktari hausomwi kwenye vitabu peke yake. Mtu anaweza kukariri kila mfupa wa mwili na bado asijue sauti ya pafu lililojaa maji mpaka siku atakapoweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa. Ndiyo maana kila chuo cha udaktari duniani lazima kiwe na hospitali yake, ama kiwe na makubaliano na hospitali ya mwenyewe.

Makubaliano hayo kwa kawaida ni ya kupeana. Chuo kina wahadhiri, wanafunzi na karo. Hospitali ina wagonjwa, vitanda, maabara na vyumba vya upasuaji. Chuo kinaleta wanafunzi kujifunza wadini. Kwa upande wake, hospitali inapata wahadhiri ambao wengi wao ni madaktari bingwa wanaotibu huku wakifundisha, na mara nyingi inapata pia ada kwa kila mwanafunzi anayepokelewa.

Hapa Kenya mpango huu si mgeni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha kitivo chake cha udaktari mwaka 1967, kilikifungamanisha na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na vizazi vya madaktari wa nchi hii vimepitia katika wadi hizo. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, nacho kina matawi mengi, na aghalabu utayakuta yamepakana na hospitali za serikali. Hapa kwetu yako Mombasa, Port Reitz, Msambweni na Kilifi, kwa kutaja machache. Hospitali Kuu ya Pwani, mjini Mombasa, hata katika jina lake rasmi imeandikwa kuwa ni hospitali ya mafunzo na rufaa.

Nani ni nani katika wale wenye makoti

Kabla hatujaenda mbali, ni vyema tuwatambue wale vijana, maana koti jeupe halisemi yote.

Kuna mwanafunzi wa udaktari. Masomo yake ya shahada huchukua miaka 6, na miaka ya mwisho anaipitisha zaidi wadini. Huyu hana leseni. Anaweza kukuhoji, kukupima na kuandika aliyoyaona, lakini uamuzi wa matibabu si wake.

Kuna daktari mwanagenzi. Huyu ameshapata shahada, na sasa anafanya mwaka wake wa mazoezi akizunguka idara kuu: magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi na watoto. Baraza la madaktari, KMPDC, ndilo linaloidhinisha hospitali zinazoruhusiwa kupokea wanagenzi. Huyu anatibu, lakini chini ya uangalizi.

Kuna daktari aliyemaliza uanagenzi na kupata leseni kamili, na kuna mwenzake aliyerudi chuoni kusomea ubingwa. Huyu wa pili ni daktari kamili anayeongeza ujuzi, na katika hospitali za mafunzo mara nyingi ndiye anayekesha. Juu yao wote yuko daktari bingwa, ambaye ndiye anayebeba dhamana ya mwisho.

Kando yao wako matabibu, yaani maafisa wa kliniki, na wauguzi, ambao nao wana ngazi zao za mafunzo. Katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, hawa ndio utakaokutana nao kabla ya daktari yeyote.

Ngazi hizi zikifuatwa, mgonjwa wa hospitali ya mafunzo huangaliwa na macho mengi kuliko mgonjwa wa hospitali ya kawaida. Daktari anayefundisha analazimika kueleza kwa nini ametoa dawa hii akaacha ile, na mwanafunzi mwenye maswali mengi ni kizuizi kizuri kwa mkubwa mwenye haraka. Mgonjwa akifa, hospitali ya mafunzo iliyo na nidhamu huketi kikao ikauliza ni wapi palipoharibika.

Tatizo huja pale ngazi zinaporukwa. Bingwa hayupo, anayesomea ubingwa amechoka, na mwanagenzi ameachwa peke yake usiku na wadi nzima. Hapo hospitali imegeuza wanaojifunza kuwa vibarua wa bei nafuu.

Tuliliona hilo waziwazi mwaka 2024. Mgomo wa madaktari ulianza katikati ya Machi ukaendelea kwa siku 56, na kiini chake kimoja kikubwa kilikuwa ni wanagenzi. Mkataba wa mwaka 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Wako waliosema wanafunzi hawafai kulipwa pesa zote hizo. Lakini kazi iliposimama, nchi nzima iliona ni nani aliyekuwa akizishikilia hospitali za umma usiku. Hospitali inayosimama juu ya mabega ya wanaojifunza, siku wakiondoka itayumba.

Eldoret: chuo kilichokwenda vijijini

Mfano unaotajwa sana Kenya, na hata nje ya Kenya, uko Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha kitivo cha udaktari mwishoni mwa miaka ya 1980, mji ule haukuwa na hospitali kubwa ya rufaa. Kulikuwa na hospitali ya wilaya. Mwaka 1990 kitivo hicho kikaingia katika ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Waamerika hawakuja kwa ziara ya wiki mbili, kupiga picha na kuondoka. Makubaliano yalikuwa kwamba wawe na daktari wao anayeishi Eldoret, anayefanya kazi wadini na wenzake Wakenya, na kwamba wanafunzi waende pande zote mbili: wa kule waje huku, na wa huku wapate nafasi kule.

Mwaka 1998 hospitali hiyo ikawa rasmi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Wakati huohuo ukimwi ulikuwa umejaza vitanda. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo duniani, lakini mgonjwa wa kawaida wa Kenya hakuzifikia. Daktari Joe Mamlin wa Indiana, pamoja na wenzake wa Moi, walikataa kuendelea kufundisha wanafunzi namna ya kutazama watu wakifa. Mwaka 2001 ukaanzishwa mpango wa AMPATH, ambapo chuo, hospitali na washirika wao walianza kutibu ukimwi, kwanza Eldoret na katika kituo cha afya cha Mosoriot, kisha wakasambaa kote magharibi mwa Kenya.

Ulivyokua mpango huo kuna mafunzo kwetu. Waligundua kuwa mgonjwa mwenye njaa dawa hazimsaidii, wakalima mashamba ya kuwalisha wagonjwa. Waliona watu hawaji kupimwa, wakawafuata mlango kwa mlango. Mosoriot walianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, na kazi hiyo ikawa chimbuko la OpenMRS, programu ambayo leo inatumika katika nchi nyingi, na ambayo mfumo wa rekodi unaotumika katika kliniki nyingi za Kenya umejengwa juu yake. Wagonjwa wa ukimwi waliohudumiwa walipita laki moja. Baadaye kazi ikapanuka kwenda kwenye kisukari, shinikizo la damu, saratani na uzazi.

Jambo la pili la Eldoret ni namna wanavyofundisha. Wanafunzi wa Moi hupelekwa mapema katika masomo yao kukaa kwenye vituo vya afya vya mashambani, kuona maji wanayokunywa watu, vyoo vyao na umbali wa kuifikia zahanati. Kijana wa aina hii akihitimu, kijiji hakimshangazi.

Lakini tusipake sukari. Kazi kubwa ya Eldoret iliendeshwa kwa fedha nyingi za nje, hasa za serikali ya Marekani. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, huduma za ukimwi Kenya nzima zilitikisika. Funzo ni kwamba mshirika wa nje ni mgeni mzuri, lakini jiko lazima liwe letu.

Kilifi: kati ya mumiani na chandarua

Hatuhitaji kwenda Eldoret kila mara. Hapa nyumbani, mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na mfuko wa Wellcome wa Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford walianza kazi katika iliyokuwa hospitali ya wilaya ya Kilifi. Huu si ushirikiano wa kufundisha madaktari wa shahada ya kwanza. Ni wa utafiti na wa kulea wanasayansi. Hata hivyo unafaa kutazamwa, kwa sababu unajibu swali lilelile la yule mzee.

Walipoanza kutoa watoto damu kwa vipimo, uvumi ulienea. Mtu wa Pwani anajua habari za mumiani tangu utotoni, na damu ikichukuliwa na wageni wenye magari, hadithi inajitunga yenyewe. Watafiti walijifunza kwamba haitoshi kuwa na nia njema. Iliwabidi wakae na wazazi, waeleze kwa Kigiriama na Kiswahili, na waweke wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na vijiji vyenyewe, ili malalamiko yapate njia ya kupita.

Na wenyeji walipata nini? Hospitali ilipata wadi ya watoto mahututi na maabara ambayo hospitali nyingi za kiwango chake hazikuwa nayo. Jambo la pili lilifika mbali zaidi. Katika miaka ya 1990, utafiti uliofanywa Kilifi ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa takriban theluthi moja. Chandarua ambacho leo mama anapewa kliniki bila malipo kina jasho la akina mama wa Kilifi waliokubali watoto wao wahesabiwe.

Hapa tuweke tofauti moja wazi, maana watu huichanganya. Kufundisha na kutafiti si kitu kimoja. Anapokuja mwanafunzi kujifunza kwako, matibabu unayopata ni yaleyale ambayo ungepata bila yeye. Utafiti unaweza kuhusisha kitu kipya, na kwa hiyo lazima upitishwe na kamati ya maadili, uelezwe kwa lugha unayoifahamu, na uukubali kwa hiari yako. Ukikataa, matibabu yako hayaguswi. Akija mtu na fomu, muulize kwanza: hii ni ya matibabu, ya mafunzo, ama ya utafiti?

Ndoa inapokosa mkataba

Si kila ushirikiano unakwenda vizuri. Ugomvi wake mwingi hautokani na ubaya wa watu, unatokana na maswali matatu ambayo hayakujibiwa mapema: nani mwenye jengo, nani bosi wa daktari, na pesa zinaingia mfuko upi?

Jirani zetu wa Tanzania wamelipitia hili kwa muda mrefu. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Mwaka 1976 hospitali ya Muhimbili na kitivo cha udaktari viliunganishwa vikawa kituo kimoja chini ya uongozi mmoja. Baadaye vikatenganishwa tena, hospitali ikawa ya kitaifa yenye bodi yake, na chuo kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, MUHAS. Faida ya kuungana ni kwamba mhadhiri na daktari wanakuwa chini ya paa moja na amri moja. Faida ya kutengana ni kwamba kila upande unajua bajeti yake.

Hapa Kenya tulishuhudia mvutano kwenye hospitali iliyojengwa katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ilipofunguliwa mwaka 2019 ilikuwa imeshafanywa shirika la serikali linalojitegemea, na chuo ambacho hospitali hiyo imebeba jina lake kikajikuta kikibishana kuhusu nafasi ya wanafunzi wake mle ndani. Hospitali mpya, chuo mlango wa pili, na bado mkataba ukawa ndio tatizo.

Kwa Pwani kuna ugumu wa ziada. Kenyatta na Moi ni hospitali za kitaifa, na vyuo vikuu vya umma navyo viko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo mume na mke wana mzazi mmoja. Lakini tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, hospitali zetu za Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Taita Taveta na Tana River ni za kaunti. Gavana ndiye mwenye wadi, na Nairobi ndiyo yenye chuo. Mhadhiri analipwa na chuo, daktari wa wadi analipwa na kaunti, na wote wawili wanamgusa mgonjwa mmoja. Wakikosana kuhusu zamu, anayeumia ni aliyelala kitandani.

Hata pesa zimebadilika. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya inaruhusu hospitali za umma zibaki na mapato yao badala ya kuyapeleka kwanza katika hazina ya kaunti. Ada za wanafunzi zikiingia hospitalini, basi wananchi wana haki ya kuuliza zimenunua nini. Wanafunzi mia wakivaa glavu mbili kila siku, hizo ni glavu mia mbili ambazo mtu lazima azilipie. Isiwe mgonjwa anatumwa dukani kununua glavu ilhali chuo kimeshalipia.

Tunachopoteza tusipofundisha nyumbani

Wako wanaosema: kwa nini tujisumbue? Hospitali zetu zimejaa, tuwaache Nairobi wafundishe, sisi tuajiri waliokwisha kuiva. Hoja hii inasikika vyema, lakini imeshajaribiwa.

Daktari huota mizizi pale anapofundishwa. Miaka yake ya ujana anaipitisha mji fulani, anapata marafiki huko, mara nyingi mchumba pia, na walimu wake ndio wanaomtafutia kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 ambao liliuhuisha 2021, linashauri nchi zichukue wanafunzi kutoka maeneo yenye uhaba, zijenge vyuo nje ya miji mikuu, na ziwapeleke wanafunzi kujifunza katika maeneo hayohayo. Haya hayahitaji profesa kuyaelewa. Mtoto wa Faza au Kinango anayesomea udaktari Pwani ana sababu ya kubaki Pwani.

Tulipokosa mabingwa, tuliazima. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba wakagawiwa kaunti. Walisaidia, tuwashukuru, lakini mkataba ulikwisha mwaka 2023. Daktari wa kuazima haachi mwanafunzi nyuma yake kama hakuna chuo cha kumpa mwanafunzi huyo.

Na kwa miaka mingi familia za Pwani zimelipa bei ya uhaba huo kwa njia nyingine: barabara. Mgonjwa wa saratani aliyehitaji tiba ya mionzi katika hospitali ya umma alipaswa kusafiri karibu kilomita 500 hadi Kenyatta, kupanga foleni, na kutafuta jamaa wa kumhifadhi Nairobi. Aliye na mtu Eastleigh alikuwa na bahati. Asiye na mtu alirudi nyumbani kungojea. Mashine peke yake haiponyeshi mtu: inahitaji bingwa, fundi na muuguzi aliyeifundishwa, na hao hawauzwi pamoja na mashine.

Haki yako kitandani

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu anayopewa, kwa lugha anayoielewa kadiri inavyowezekana, na kwamba huduma itolewe kwa ridhaa yake. Wizara ya Afya ilitoa pia mkataba wa haki za wagonjwa mwaka 2013. Kuwepo kwa wanafunzi hakufuti haki hizo.

Katika hospitali inayojiheshimu, mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Daktari wako ameniomba nikuulize maswali machache kisha nikupime. Unaniruhusu? Ukiona tabu, utaniambia niache."

"Utanipima wapi?"

"Tumboni tu. Nitavuta pazia, na sista atakuwa hapa pamoja nasi."

"Haya, karibu. Lakini useme bismillahi kwanza."

Hayo hayachukui dakika mbili na hayahitaji bajeti. Kwa jamii kama yetu, ambapo sitara ni sehemu ya imani na ya utu, pazia na idhini vina uzito wa dawa. Wako kina mama wanaochelewa kwenda kujifungulia hospitalini kwa kuogopa kundi la vijana wa kiume chumba cha uzazi. Mama anaweza kuomba mwanafunzi wa kike, ama kuomba wapunguzwe. Anaweza pia kukataa wanafunzi kabisa, na kukataa huko kusimfanye aachwe wa mwisho.

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Bingwa aliyemfanyia nyanya yako upasuaji wa macho, alianza siku moja kwa mikono inayotetemeka mbele ya mgonjwa aliyesema "karibu". Tukikataa sote, watoto wetu watatibiwa na nani?

Mkataba utakaofaa Pwani

Kaunti zetu zitaendelea kutia sahihi makubaliano na vyuo, vya umma na vya binafsi, vya hapa na vya ng'ambo. Kabla ya sherehe na kukata utepe, wawakilishi wadi wetu waulize haya.

Kwanza, mkataba uwekwe wazi bungeni, si kufungiwa kabatini. Pili, utaje idadi: wanafunzi wangapi kwa kila daktari bingwa anayefundisha. Wadi yenye bingwa mmoja haiwezi kulea wanafunzi themanini. Tatu, useme wahadhiri watatibu saa ngapi kwa wiki, na nani atakayeitwa usiku. Nne, useme ada za wanafunzi zitakwenda wapi. Tano, uweke nafasi za mafunzo ya ubingwa kwa madaktari wa kaunti, na daktari akilipiwa, aahidi kurudi kuhudumu. Sita, uwape watoto wa kaunti sita za Pwani nafasi ya haki ya kuingia chuoni, bila kushusha kiwango. Saba, pawe na mtu mmoja hospitalini, mwenye jina na simu, ambaye mgonjwa anaweza kumlalamikia.

Hakuna hata moja katika hayo lililo geni. Ni yale ambayo mtu yeyote huyauliza anapopangisha nyumba yake: mtaingia wangapi, mtalipa nini, nani atatengeneza bomba likipasuka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumeupokea msemo huo kama adabu ya kukaribisha. Katika jambo hili uchukuliwe neno kwa neno. Mwanafunzi ni mgeni wetu wadini. Tunampa tumbo zetu azipapase, vifua vyetu avisikilize, na maradhi yetu yawe somo lake. Kwa hiyo mzee wa kitanda cha pili ana haki ya kuuliza mwisho wa mwaka: mgeni tumempokea, je, mwenyeji amepona?